Gari la rimoti na mafuta ya mashine ya salfa

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Lindi mjini. Mjomba wangu ni baharia, kaniletea gari la rimoti lenye injini ya kweli, saizi .21 (yaani inchi za ujazo 0.21), lakini halikuja na mafuta. Nikachanganya petroli na oili kama tunavyochanganya kwa mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Betri ikiwa kwenye plagi injini inapiga piga, nikitoa betri inazima hapo hapo. Mtandaoni naona mafuta yake yameandikwa nitro 10, 16, 20, 25, mpaka 30. Rafiki yangu anasema namba kubwa ndiyo bora. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua 20, au 16 ukiikosa hiyo. Ila tuanze na petroli, maana hapo ndipo ulipokwama, na si wewe wa kwanza.

Mashine ya salfa ina plagi ya cheche. Kila pistoni inapopanda, magneto inapiga umeme, petroli inashika moto. Gari lako halina magneto. Fungua plagi yake uichungulie juani: utaona kijiwaya kimejikunja kama springi ya kalamu, na kina platinamu. Betri ya volti 1.5 inakipasha mpaka kinakuwa chekundu, injini inawaka, betri unaitoa. Kuanzia hapo kijiwaya kinabaki na moto wake kwa sababu mvuke wa methanoli, aina ya spiriti ambayo ndiyo mafuta ya injini hii, ukigusa platinamu iliyopata joto, unazidisha lile joto. Petroli haina tabia hiyo. Ndiyo maana ulipotoa betri kila kitu kikanyamaza. Injini yako ni nzima, ilinyimwa chakula chake tu.

Chakula chenyewe ni methanoli. Watu wakisikia nitro hudhani chupa nzima ni nitro, kumbe nitro 20 maana yake asilimia 20 ni nitromethani, oili ni kama asilimia 8 hadi 18 kutegemea mtengenezaji, na sehemu kubwa iliyobaki ni methanoli. Methanoli viwandani hutengenezwa zaidi kutokana na gesi asilia, mali tuliyonayo Mnazi Bay na Songosongo, lakini chupa yako wewe itatoka mbali tu.

Sasa hiyo nitro inafanya nini? Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Methanoli inahitaji 6.4. Nitromethani ni 1.7 tu, kwa kuwa inakuja na oksijeni yake mwilini. Kwa hiyo silinda ile ile, inayovuta hewa ile ile, inachoma mafuta mengi zaidi kwa kila mzunguko. Nguvu inatoka hapo. Sailensa, yaani injini ikinguruma gari limesimama, inakuwa tulivu na kupanda resi kunakuwa laini.

Rafiki yako basi hajakosea kabisa, ila kasimulia nusu. Nitro ikizidi, moto unawahi kuwaka kabla pistoni haijafika juu. Injini iliyotengenezwa kwa 16 au 20 ukiipa 30 bila kuongeza washa (pete nyembamba ya chuma) chini ya kichwa cha silinda, inaunguza plagi na kuchosha konrodi. Nitro 25 na 30 waachie wanaoshindana, wenye kipimajoto na plagi za akiba mfukoni. Na kila ukibadili asilimia, kabureta inarekebishwa upya, kwa hiyo chagua moja ukae nayo. Kama kijitabu cha gari kipo na kinataja namba, kifuate hicho, niache mimi.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni oili, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko nitro. Injini hii haina oili yake pembeni. Pistoni, konrodi, beringi, vyote vinalainishwa na kilichomo kwenye mafuta. Kwa anayejifunza, tafuta yenye oili asilimia 12 au zaidi, na ndani yake iwemo kiasi cha mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo ile ile ya nywele, ila iliyosafishwa kwa ajili ya injini. Oili ya kiwandani inaacha injini safi, lakini joto likipita kiasi inaachia mapema; nyonyo inang'ang'ania. Usije ukachukua chupa ya dada yako ukaimimina humo, tafadhali. Hakikisha pia chupa imeandikwa ya magari. Ya ndege huwa na oili nyingi na nitro kidogo. Gari litawaka lakini litakuwa zito.

Mwambie mjomba asithubutu kuyaweka mafuta haya kwenye begi la ndege, hayaruhusiwi. Yasafirishwe kama mzigo hatari, kwa utaratibu wake. Akinunua Ulaya atakuta yenye nitro zaidi ya asilimia 16 yamezuiwa kwa mtu binafsi au yanahitaji kibali, na ndiyo sababu nimekwambia 16 nayo inatosha. Tangi la gari la ukubwa huo ni kama mililita 125, hivyo lita moja inajaza mara 8.

Ukishawasha, fungua sindano ya kabureta (skrubu inayopima mafuta yanayoingia) zaidi kidogo ya inavyopendeza, mpaka uone moshi mweupe ukifuata gari. Ukiibana sana sindano, gari linakimbia vizuri dakika mbili, kisha linanoki. Dondosha tone la maji juu ya kichwa cha silinda: likikauka kwa sekunde tatu hivi, sawa, likiruka papo hapo, fungua sindano, likikaa tu, bana kidogo. Na sindano uliyoiweka sawa kwenye joto la Januari, asubuhi ya Julai ifungue kidogo tena.

Jioni usiache mafuta ndani. Methanoli inavuta maji hewani, na hewa yetu ya pwani unaijua. Niliwahi kufungua injini iliyokaa na mafuta miezi miwili: beringi ya nyuma ilikuwa kama ndoana iliyosahauliwa ufukweni. Maliza tangi, iache izime yenyewe, tia matone machache ya oili nyepesi kwenye kabureta, izungushe kwa mkono.

Chupa ikae na kifuniko, kivulini, na kamwe usihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Methanoli hupofusha na kuua, na moto wake mchana huuoni.

Kabla hata mafuta hayajafika, kagua mipira ya kupitisha mafuta. Ile ni ya silikoni, na petroli huivimbisha. Ukiibana kwa vidole ukakuta imelegea kama tambi iliyoiva, itoe yote, uoshe na tangi.