Kwako unayeanza kulima mwani

Mdogo wangu, iko siku utashuka ukute kamba zako za mwani zimepauka. Usizing'oe. Mimi nilizing'oa zote, nikarudi pwani nalia, na hasara ile nikaihangaikia msimu mzima.

Ncha ya mwani ikipauka na kulainika hadi inakatika yenyewe, shina lote halijafa. Kata palipopauka, kata na kidogo ya palipo jirani, bakisha kipande kigumu chenye rangi yake. Hiyo ndiyo mbegu yako. Wenzangu waliokaa majini wakichambua vipande vile walivuna tena, mimi nikiwa bado nazunguka kwa watu kuomba mbegu. Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Huku mashariki ya Unguja mwani wa biashara tumeulima tangu 1989. Tuna aina mbili, kotoni na spinosamu. Kotoni ndio wenye bei, lakini maji mafupi yakishapata joto hauhimili. Spinosamu bei yake ndogo, ila ni mstahimilivu. Najua utatamani kuanza na kotoni. Anza na spinosamu, uizoee kwanza bahari ya kwenu.

Kuizoea ni kushuka kila bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukauka kupita kawaida, hata ile ambayo huna hamu. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwetu maji hukauka sana kama saa nne asubuhi. Siku hizo chache ukizikosa, kijiti cha kufungia kamba kilichong'oka kitalala hapo hadi bamvua jingine, na kamba itasagika mchangani. Basi shuka: kaza taitai zilizolegea, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, toa uchafu uliougandia mwani, tazama samaki tasi wamekula wapi. Wakila upande mmoja, hamisha upande huo tu. Mimi mwaka mmoja nilibadilisha mahali, mbegu na nafasi ya kufungia, vyote kwa pamoja. Mwani ukastawi, na sikujua nimshukuru nani kati ya hivyo vitatu. Msimu uliofuata ukafa tena, nami sina nililojifunza.

Wakati wa kaskazi maji ya karibu huchemka jua likiwaka. Sogea kule ambako hata maji yakitoka hubaki ya magoti. Ni mbali, na kurudi na polo la mwani mbichi kichwani kunachosha hasa, sitakuficha. Tafuteni kubebana wawili watatu.

Halafu kuna mvua. Kilo saba hivi za mwani mbichi hukupa kilo moja kavu, kwa hiyo ukiloweshwa ukiwa unakaribia kukauka, hesabu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Weka turubai pembeni ya chanja hata mbingu ikiwa nyeupe. Na uanike juu ya chanja, usianike mchangani. Mnunuzi akikuta mchanga atakukata bei, na hapo huna la kumjibu.

Mwaka huu nimetenga kamba kumi za kotoni, nimezifunga kwenye maji ya kina. Sita zinapendeza, nne zimeanza kupauka ncha. Bamvua hili nitakwenda kuzichambua. Spinosamu ninao wa kutosha. Njoo na polo lako nikukatie mbegu, na tushuke pamoja uone ninavyokata.