Ule wa kifuniko cheusi

Nilipoanza kuuza ubuyu nilikuwa na jina refu kuliko kopo lenyewe: Ubuyu Bora Asilia wa Zanzibar. Kijana mmoja alinichorea stika, akatia mlango wa Mji Mkongwe, jahazi, mnazi na jua linakuchwa. Nikaiona nzuri kweli. Nikapeleka makopo arubaini duka moja pale Darajani, wiki ya pili nikapita kuangalia, na mimi mwenyewe nikautafuta ubuyu wangu. Rafu nzima milango na majahazi! Tena kila kopo limeandikwa Zanzibar. Sisi tupo Zanzibar, nani atababaika na neno hilo? Labda abiria anayewahi boti ya Dar, naye huchukua lililo karibu na mkono.

Jina lenyewe lilikuja kwa bahati. Vifuniko vyekundu viliadimika, nikanunua vyeusi huku nanung'unika. Haikuchukua muda mwenye duka ananipigia: "Dada, niletee ule wa kifuniko cheusi, watu wanauulizia." Lile jina refu hakuna aliyelitaja. Na mimi kwa ujuba wangu, vyekundu viliporudi nikarudi navyo. Wateja wakadhani ubuyu wangu umekwisha, wakachukua wa mwenzangu. Miezi miwili nilikula hasara.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mchoraji, kaa dukani usikilize watu wanakiitaje kitu chako. Mimi nilifuta mlango na jahazi. Stika sasa nyeupe, maandishi meusi yanasomeka ukiwa nje ya kaunta: Kifuniko Cheusi. Nikaacha na nafasi ya viungo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Zamani picha zilijaa hadi tarehe nikiiandika kwa kalamu chini ya kopo, ikifutika kwa jasho la mkono. Iliki na pilipili manga napima kwa kijiko kilekile, maana anayeomba cheusi anaomba ladha aliyoionja mara ya mwisho. Rangi natia kidogo tu. Nani anataka kwenda harusini na ulimi mwekundu?

Halafu siku moja nikakuta kopo la mtu mwengine limevaa kifuniko cheusi. Ndipo nilipokimbilia BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Rangi ya kifuniko peke yake si rahisi kuizuia, lakini jina na nembo unaweza kuvisajili. Maneno ya kujisifu tu, kama lile "bora" langu, yangenipa tabu. Kilichonishangaza ni kwamba nembo ukiisajili huku hailindwi Bara. Kule ni BRELA, wakala wao wa usajili wa biashara, kwa maombi mengine na ada nyengine. Kama una nia ya kuvusha makopo Dar, zitie ada zote mbili kwenye hesabu kabla hujachapisha stika elfu moja.