Njia imekatika kama iliyopigwa rula

SWALI: Fundi, salaam. Natengeneza kijiji kidogo kwenye mchezo wa kompyuta wa Skyrim Special Edition, katika nyanda za karibu na mji wa Whiterun, kwa Creation Kit, programu ya kuuhariri mchezo huo. Nimepaka njia ya udongo kutoka mtoni hadi kijijini. Inakwenda vizuri, mara inakatika kwa mstari ulionyooka kabisa. Ng'ambo ya mstari ni nyasi tupu, na hata nipake mara kumi udongo haushiki. Nimefuta programu na kuiweka upya, hali ni ile ile. Halafu nyasi zinaota katikati ya sakafu ya nyumba. Nakosea wapi?

JIBU: Pole, ndugu yangu, hasa kwa hiyo kazi ya kufuta na kuweka upya, maana programu yako ni nzima. Umegonga ukuta usioonekana.

Ardhi ya Skyrim imekatwa vipande vya mraba viitwavyo seli. Kila seli ina upande wa vipimo 4,096 vya mchezo, kama mita 58 hivi, nayo imegawanywa robo nne. Hizo robo ndizo zenye kesi yako. Kila moja ina teksicha yake ya msingi, yaani picha inayovikwa ardhi ionekane nyasi au udongo, na juu yake zinaweza kulala tabaka nyingine chache tu. Nafasi zikijaa, teksicha mpya haipokelewi, na Creation Kit haikwambii neno. Robo ya jirani ikiwa bado na nafasi, yenyewe inaupokea udongo wako. Ndiyo maana njia inakatika pale pale mpakani, imenyooka kama ubao uliopigwa randa.

Utasema, "Mbona robo ile nimepaka kitu kimoja tu?" Waliokutangulia ni Bethesda wenyewe, waliotengeneza mchezo. Ardhi ya asili ya mchezo imeshapakwa nyasi za aina mbili tatu, kokoto na mwamba kabla hujafika. Na wewe bila kujua umeongeza wengine: brashi pana yenye kingo laini, ukiipitisha karibu na mpaka, huacha chembe za teksicha upande wa pili. Jicho halizioni, lakini zimekalia nafasi kama mpangaji aliyesafiri na ufunguo mfukoni.

Fanya hivi. Fungua dirisha la ardhi kwa kitufe cha H, kisha bonyeza B ili mipaka ya seli ionekane. Weka kishale juu ya robo iliyogoma, ubonyeze I. Utapata orodha ya teksicha za robo hiyo na asilimia ya kila moja. Tafuta zile zenye asilimia ndogo kupindukia. Zifunike kwa teksicha inayofanana nazo ambayo tayari imo kwenye robo, brashi ikiwa ndogo na ukolevu umepandishwa hadi mwisho. Hifadhi, bonyeza I tena, uone kama orodha imepungua. Mimi sivuki teksicha tano kwa robo, ya msingi ikiwemo, hata pale ambapo programu ingeniruhusu kuongeza. Kokoto na udongo wa rangi moja, kwa mtu anayepita mbio juu ya farasi, havina tofauti yoyote.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tulichelewa kulielewa. Ukishika ile brashi unadhani unapaka ukuta. Sivyo. Ardhi ya seli ni kama wavu wa kuvulia: mafundo 33 kwa 33, yameachana vipimo 128, yaani kama mita moja na robo tatu na kitu. Teksicha unayopaka haikai popote isipokuwa kwenye fundo, kama kiasi cha ukolevu. Kati ya fundo na fundo mchezo wenyewe unachanganya. Kwa hiyo kijia cha mbuzi cha upana wa hatua moja hakitatoka, utumie brashi ndogo kiasi gani. Ukipaka fundo moja utapata doa lenye kingo zilizofifia, na ukipanga mafundo katika mstari wa mshazari utapata njia yenye meno kama ya msumeno. Njia nyembamba mno hutengenezwa kwa kutandaza vitu juu ya ardhi, si kwa brashi. Ile yako ipe upana wa mafundo mawili au matatu katikati kwa ukolevu kamili, kisha zungushia fundo moja la nusu ukolevu kila upande. Ipindishe kidogo ifuate mteremko, maana mtu anayepanda na ndoo ya maji hapandi kwa kunyooka.

Tukija kwenye nyasi za sebuleni: hazikupandwa na mtu. Teksicha ya ardhi hubeba orodha yake ya nyasi, na popote ilipopakwa, mchezo unaziotesha wenyewe bila kuuliza kama juu kuna nyumba. Chini ya nyumba paka teksicha isiyo na orodha hiyo, uipitishe hadi fundo la kwanza nje ya kuta, la sivyo zitachungulia pembeni. Wapo wanaonakili teksicha ya nyasi na kuifuta orodha. Inafanya kazi, lakini hiyo nakala ni mpangaji mwingine kwenye robo iliyokwisha kujaa. Angalia kwanza udongo wa njia yako. Ikiwa orodha yake ni tupu, tumia huo huo na usiongeze kitu.

Ukitaka kivuli chini ya ukuta au mti, usitafute teksicha nyeusi. Kuna sehemu ya kupaka rangi za mafundo, haili nafasi ya tabaka. Ipake kidogo kidogo, ikizidi utadhani mafuta ya gari yamemwagika.

Mwisho kuna mpaka wa seli. Mafundo ya ukingoni ni ya seli zote mbili, kwa hiyo ukigusa pale, seli ya jirani nayo inaingia kwenye faili lako. Na mchezo huchukua ardhi ya seli nzima kutoka modi (faili la nyongeza kama lako) iliyopakiwa mwisho, hauchanganyi nusu ya huyu na nusu ya yule. Niliwahi kusambaza kibanda kimoja cha mvuvi, kikamfutia mtu barabara aliyoitengeneza wiki nzima, kwa sababu brashi yangu iliteleza mara moja ukingoni. Basi kabla hujampa mtu faili, lifungue kwa xEdit, programu ya kukagua mafaili ya modi, upitie rekodi za ardhi moja moja. Seli usiyokumbuka kuigusa, itoe.