Kwa mkutubi mpya: ada ikishalipwa, kazi ndiyo inaanza

Wiki ya kwanza kazini utasikia habari za muungano wa maktaba karibu kila kikao. Tanzania tuna COTUL, Kenya wana KLISC, Uganda wana CUUL. Vyuo vinachanga, vinajadiliana bei na wachapishaji kwa sauti moja, na majarida ambayo chuo kimoja kisingeyamudu yanafunguka kwa wote. Nami nilidhani ada ikishalipwa basi, yamekwisha.

Kisha chuo nilichokuwa nafanyia kazi kikabadilisha kampuni ya intaneti wakati wa likizo. Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya chuo chake, yaani namba inayoutambulisha mtandao wa chuo. Anwani ikibadilika nao hawajaarifiwa, mlango unafungwa. Maktaba hatukuambiwa, na sikuwa na mazoea ya kuuliza. Muhula ulipofunguliwa, mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuja na karatasi aliyoorodhesha makala kumi na moja kwa mkono. "Zote zinadai dola," aliniambia. Tulikuwa tumeshazilipia. Alikuwa amehangaika wiki tatu, na wenzake walikwishakata tamaa kimyakimya.

Tangu hapo, kila Jumatatu kabla ya chai nafungua makala moja ya kila mchapishaji. Natumia kompyuta ya wasomaji, si yangu, maana yangu huenda imehifadhi nywila ikanidanganya. Namba ya simu ya mtu wa TEHAMA nimeibandika mezani. Fanya hivyo na wewe, tena mapema.

La pili ni katalogi, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Maktaba jirani haiwezi kuazima kwako kitabu isichojua kwamba unacho. Mchukue Shaaban Robert: rekodi moja imeandikwa "Robert, Shaaban", nyingine "Shaaban Robert", ya tatu "Shaban" kwa a moja. Vitabu viko rafuni pale pale, lakini anayetafuta kutoka chuo kingine anaona viwili kati ya sita. Kubalianeni namna moja ya kuandika jina na muifuate, hata kama Koha, programu ya katalogi, inakubali zote. Tasnifu ndizo muanze nazo kabisa. Kitabu cha dukani kina nakala kwingine. Tasnifu ya chuo chenu huenda haipo popote isipokuwa kwenu.

Kabla ya kumsumbua jirani, angalia pia Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaalamu. Sehemu yake ya Hinari ya afya ilianza 2002, AGORA ya kilimo 2003, na taasisi nyingi za nchi zetu huingia bure au kwa ada ndogo. Nimepokea maombi ya makala ambazo mwombaji angezifungua mwenyewe palepale alipokaa.

Ombi likikufikia wewe, jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni "hatuna". Skani sura inayohitajika, si kitabu kizima, na uisome sheria ya hakimiliki ya nchi yako kabla hujagusa mashine. Usiache ombi likalala kwa sababu bosi yuko safarini. Omba idhini ya kudumu mapema.

Wiki iliyopita niliandikia maktaba ya chuo kimoja cha bara saa mbili asubuhi, nikiomba sura ya tatu ya tasnifu. Saa nne ilikuwa imefika, kurasa zimenyooka, na aliyeihitaji alikuwa bado amekaa kwenye meza ya dirishani.