Maji ya Iliki na Pua Iliyobanwa

Mvua ya Aprili ikianza Nairobi, watoto wa ploti yetu hufungiwa ndani na kazi ya kulea huachiwa runinga. Likizo iliyopita nilichoka. Nikaingia jikoni, nikashuka kwa mama mboga, nikarudi na ndimu, machungwa na iliki. Asubuhi iliyofuata yote ikaenda kwa mchezo wa kuonja, bila runinga.

Usiku wa kuamkia mchezo nilichemsha maji nikayagawa kwenye majagi matano. Moja nilikamulia ndimu, la pili likapata iliki iliyopondwa, la tatu maganda ya chungwa (ile sehemu ya rangi tu, weupe wake ni mchungu), la nne majani chai kwa wingi bila sukari. La tano maji matupu. Asubuhi ukichuja, wafunge macho kwa leso, maana chai itajitangaza kwa rangi.

Kosa langu lilikuwa swali. Niliuliza, "Ni tamu?" Kwetu tamu ni sukari, na tamu ni chochote kinachopendeza, hata krispi zenye chumvi ni tamu. Binti yangu wa miaka 9 akaandika "tamu" mara tatu na "si tamu" mara mbili, tukakwama hapo. Nikauliza upya: ulimi unafanya nini? Unatoa mate? Unakauka? Maneno yakaanza kuja. Ndimu ikawa chachu. Chai ikawashinda, hadi mdogo wake wa miaka 6 aliposema mdomo uko kama amekula ndizi mbichi. Neno tunalo: ukakasi. Wala si ladha. Tanini, kemikali za asili zilizomo kwenye majani chai, hushikana na protini za mate, utelezi unaisha, ulimi unakwaruza. Ladha zenyewe ni tamu, chumvi, chachu, chungu na umami, ile ya mchuzi wa nyama, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina mwaka 1908. Na kama bado unaukumbuka mchoro wa ulimi uliokatwa vipande, huku tamu, kule chungu, usiwafundishe. Ladha zote huonjwa popote ulimini penye vionjio, vile vijiungo vidogo vya kuonjea.

Sasa pua. Mtoto aibane kabla ya kunywa, na asiiachie hata akimeza. Binti yangu alipewa iliki. "Maji tu," akasema kwa sauti ya mafua. Achia. Macho yalikuwa yamefungwa lakini nyusi zilipanda: "Mama, imekuja!" Harufu ilikuwa imepandia nyuma ya koo hadi puani. Chungwa nalo hivyo hivyo. Ndimu ilikataa kujificha, kwa sababu asidi ulimi huionja wenyewe. Usiwaelezee mapema. Waulize kwa nini iliki ilipotea na ndimu ikabaki, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda mimi.

Kikombe kilichoniumbua kilikuwa cha maji matupu. "Hii inanuka mtungi," akasema mdogo. Nikaonja. Kweli. Mfereji ulikuwa umekauka wiki hiyo, tukitumia maji ya mitungi ya njano, na mimi pua yangu ilikuwa imeshazoea. Kumbe mtungi ulikuwa ndani ya majagi yote, na ni kile kikombe kisicho na kitu kilichotuonyesha. Kwa hiyo usikiache, hata kama kinaonekana cha kupoteza muda. Mfereji uliporudi tulirudia yote upya.

Siku nyingine nilitia rangi nyekundu ya keki kwenye maji ya chungwa, safari hii bila leso. Mdogo akaapa ni stroberi. Nikacheka. Akanuna, hakuonja tena siku hiyo. Wewe usicheke, jaribu wewe mwenyewe uone kama macho hayatakudanganya.

Kila mtu na kikombe chake. Anayemimina ni mtu mzima, na watoto wajue kwamba hakionjwi kitu cha chupa isiyojulikana. Pilipili sikutia, ingawa mtoto wa jirani aliiomba sana.

Jioni tulipika maini, ambayo binti yangu huyachukia. Nikamwona anatafuna kimya, vidole viwili puani. Sahani ikaisha. Alipoachia pua alikunja uso, akaomba maji ya iliki.