Ruzuku ya mota safi ya boti: jibu refu kwa mdau wa Moshi

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema upo Moshi na una wazo la kufunga mota ya umeme wa jua kwenye boti za bwawa la Nyumba ya Mungu badala ya injini za petroli. Umeona tangazo la serikali ya Uingereza la kugharamia teknolojia safi za usafiri wa majini, na unauliza uanzie wapi na kama ni lazima ujuane na mtu. Nina karakana ndogo Unga Limited hapa Arusha. Nimeshaandika maandiko matatu ya kuomba ruzuku kwa kazi hiyohiyo. Mawili yalikataliwa, la tatu likapita, kwa hiyo nitaandika kwa urefu, nivumilie.

Hilo tangazo la Uingereza nalifahamu. Ni shindano la Wizara ya Uchukuzi yao, linaloendeshwa kupitia Innovate UK, wakala wao wa kugharamia ubunifu. Awamu ya kwanza ilikuwa 2021, pauni milioni 23, zikagawanywa kwa miradi 55. Mwaka uliofuata wakatenga pauni milioni 206 kwa ajili ya usafiri safi wa majini. Ni fedha nyingi, lakini hupewa kampuni zilizosajiliwa kwao. Ukimpata mshirika wa huko anayehitaji mahali pa kujaribia mota yake kwenye maji yasiyo ya chumvi na jua kali, sawa, zungumza naye. Kuanza safari yako hapo utapoteza miezi.

Sasa nikueleze kosa langu, maana naona kwenye rasimu uliyoiweka hapa unaelekea kulekule. Andiko langu la kwanza lilikuwa na kurasa nne za mwanzo kuhusu meli za dunia. Nilieleza kwamba Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mkakati wake Julai 2023, kwamba meli zipunguze hewa chafu kwa angalau asilimia 20 ifikapo 2030 na asilimia 70 ifikapo 2040 ukilinganisha na 2008, na kufikia sifuri halisi 2050 au karibu na hapo. Nikaongeza kwamba meli hutoa karibu asilimia 3 ya hewa chafu inayosababishwa na binadamu. Yote ni kweli, na hayakunisaidia hata kidogo. Malengo yale ni ya meli zinazosafiri kati ya nchi na nchi, za kontena na mafuta. Boti ya mbao ya futi 20 pale bwawani haimo. Maoni ya watathmini yalirudi na sentensi moja ambayo mpaka leo naikumbuka kwa maana yake: mwombaji hajaonyesha hali ya sasa ikoje mahali anapotaka kubadilisha.

Iliniuma, lakini walikuwa sahihi. Nilikuwa sijawahi kupima lita hata moja.

Kwa hiyo nikapanga na mzee mmoja mwenye boti ya kukusanya samaki, nikakaa mwaloni siku 14. Siku ya kwanza alinitazama kwa mashaka, akaniuliza, "Mwanangu, wewe si mtu wa mapato?" Nikamweleza, tukaelewana. Nikamuuliza anatumia lita ngapi kwa siku. Akasema kumi, bila kusita. Kila alfajiri nikawa napima tangi kwa mzani kabla boti haijatoka, na nikapima tena iliporudi. Usipime kwa kuangalia kina cha mafuta kwenye tangi, boti inayumba na macho yanadanganya. Lita moja ya petroli ina karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo mzani wa duka la kawaida unatosha. Simu ikarekodi njia na mwendo. Baada ya siku 14 wastani ulikuwa lita 6. Mzee hakudanganya. Zile nne nyingine zilikuwa zinaingia kwenye pikipiki inayopeleka samaki sokoni, naye alikuwa ananunua dumu moja kwa kazi zote mbili.

Tazama tofauti hiyo ilivyobadilisha kila kitu. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9, hizi uniti za umeme tunazonunua kwa LUKU. Lita 6 ni uniti 54. Lakini injini ndogo ya kuchanganya petroli na oili hupoteza sehemu kubwa kwa joto, na hadi robo ya mafuta inaweza kutoka kwenye ekzosi bila kuungua, ndiyo ule utando unaong'aa juu ya maji asubuhi. Kinachofika kwenye shafti inayozungusha propela ni uniti 8 hivi. Hapo tayari tatizo limekuwa dogo kuliko lilivyoonekana. Kisha kuna jambo ambalo nakuomba ulielewe kwa undani, maana andiko lako litasimama au kuanguka hapo: nguvu inayohitajiwa na propela hupanda kwa mchemraba wa mwendo, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukipunguza mwendo kwa moja ya tano, nguvu inayotakiwa inashuka hadi karibu nusu. Safari inachukua muda mrefu zaidi, lakini kwa jumla umeme unaotumika unapungua kwa zaidi ya theluthi. Nikamuuliza mzee kama anaweza kuchelewa dakika kumi na tano kwenye safari ya saa moja. Akasema asubuhi hakuna shida, jioni upepo ukiwa wa mbele hapana. Jibu hilo niliandika kwenye andiko lilivyo, pamoja na namba za siku za upepo.

Hivyo nikafikia uniti 6 kwa siku. Kwa betri za asidi, ambazo hutakiwi kuzishusha chini ya nusu ya chaji, ungebeba zaidi ya kilo 300, sawa na wavuvi watano wasiofanya kazi. Kwa betri za lithiamu za fosfeti ya chuma ni kilo 50 na kitu. Paneli nne za wati 400 juu ya banda la mwaloni zinatosha kuzichaji kwa jua letu la saa tano nzuri kwa siku. Na hewa ukaa: lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo lita 6 kwa siku 300 ni tani 4 na kidogo kwa mwaka, boti moja. Namba hiyo ni ndogo ukiiweka karibu na meli za bahari kuu, lakini ni yako, umeipima, na mtu yeyote anaweza kuja kuipima tena. Ningeandika lita 10 za mzee, betri ingekuwa kubwa kwa theluthi mbili zaidi, bajeti ingepasuka, na akiba niliyoahidi ingekuwa ya uongo.

Andiko la pili lilikuwa na vipimo hivyo na bado likakataliwa, safari hii kwa sababu ya fedha. Nilikuwa sijasoma vizuri kwamba mfuko niliouomba unalipa baada ya matumizi: unanunua, unaleta risiti na ripoti, ndipo unarudishiwa. Na sehemu ya gharama ilitakiwa itoke mfukoni kwangu. Waliangalia taarifa yangu ya benki wakaona siwezi kubeba miezi mitatu ya manunuzi. Hili liulize kabla hujaandika mstari wa kwanza: fedha inatoka mwanzo au mwisho? Nakuomba sana usiahidi kukopa kwa ajili hiyo. Namfahamu fundi aliyeweka kiwanja chake rehani, malipo yakachelewa, nisingependa yakukute.

Hapa ndani, mlango wa kwanza ni COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, yenye mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Kama bado huna kampuni, angalia mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yanapokea wabunifu binafsi. Ukitaka uzito zaidi ungana na taasisi. Sisi wa kanda hii tumebarikiwa: TEMDO ya usanifu wa mitambo na CAMARTEC ya zana za kilimo na teknolojia vijijini zipo Arusha, chuo cha Nelson Mandela kipo Arusha, Chuo cha Ufundi kipo Arusha. Nenda na daftari la vipimo mkononi. Niliwahi kwenda kwenye taasisi moja na wazo tupu nikakaa kwenye benchi nusu siku, nikarudi baadaye na daftari, mhandisi akavuta kiti. Usajili wa biashara wa BRELA na namba ya mlipakodi viwe tayari, na TASAC, shirika la uwakala wa meli, uwaone mapema kuhusu usalama wa chombo, kwa sababu betri kubwa kwenye boti yenye maji ndani ni suala la uhai wa watu.

Mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, Horizon Europe, taasisi za Tanzania zinaruhusiwa kupokea fedha zake moja kwa moja, ila unahitaji washirika wa Ulaya. Wanatoa alama kwa vigezo vitatu, ubora, matokeo na utekelezaji, kila kimoja hadi 5. Chini ya 3 popote umeanguka, na jumla ni lazima ufike 10. Saa ya mwisho ni saa 11 jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa 12 au saa 1 usiku kutegemea msimu wao. Umeme wetu unaujua. Tuma siku mbili kabla.

Kuhusu kujuana: andiko langu lililokubaliwa halikuwa na mtu ninayemjua ndani. Kati ya la pili na la tatu alinipigia mtu akidai anaweza "kulisukuma" kwa asilimia 10. Nilikata simu. Yakikutokea nawe, kata, uandike tarehe na namba.

Rasimu yako ina aya kumi kuhusu tabianchi na moja kuhusu bwawa. Igeuze. Tafuta boti moja, mzani na daftari, kaa siku saba tu kwa kuanzia: kilo za mafuta, saa, umbali, upepo, mzigo. Ziweke hapa kwenye uzi hata kama zimevurugika, nami nitakusaidia kukokotoa betri.