Kilebu Anayeamsha Ploti Nzima Saa Kumi Alfajiri

SWALI: Hamjambo wahariri? Nina kilebu wa wiki 11, mbwa wa kienyeji. Tunaishi ghorofa ya tatu hapa Donholm. Kila siku ikifika saa 10:30 alfajiri anaanza kulia, na majirani wamechoka naye. Analala jikoni ndani ya katoni kubwa. Jioni hula saa 3, ugali na mchuzi wa omena tuliobakisha, na akilia alfajiri nampa maziwa kidogo ili anyamaze. Nifanye nini alale angalau hadi saa 12?
– Mama wa watoto wawili, Donholm

JIBU: Mama, anza kwa kuhesabu saa zake. Mbwa wa miezi miwili na nusu akiwa macho hubana mkojo kwa saa 3 hivi. Akiwa usingizini huvumilia zaidi, saa 5 au 6. Ikiwa alikojoa mara ya mwisho saa 4:30 usiku, basi saa 10:30 zimetimia saa 6 kamili. Analia kwa kuwa amebanwa, na ukimwacha atakojoa palepale anapolala. Akishazoea kulalia mkojo wake, kumfundisha usafi ni kazi kubwa mno. Kwa hiyo ule ushauri wa kumpuuza mpaka achoke haumfai mbwa wa umri huu.

Lakini kinachomfanya alie kwa furaha kila alfajiri ni maziwa. Kibofu humwamsha, halafu maziwa yanamthibitishia kwamba kuamka kunalipa. Isitoshe, maziwa ya ng'ombe huwaharisha vilebu wengi, kwa sababu mbwa aliyekwisha acha kunyonya hameng'enyi vizuri sukari iliyomo. Yakomeshe leo hii.

Sasa mtangulie. Tega kengele ya simu saa 10:00, nusu saa kabla ya kilio chake. Mbebe, usimtembeze, maana akikanyaga sakafu baridi atakojoa kabla hujafungua mlango. Kwa kuwa bado hajamaliza chanjo, usimshushe pale chini ambapo mbwa wa ploti nzima hujisaidia. Kirusi cha parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha damu unaoua vilebu, hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Weka karai pana kwenye baraza, lijaze udongo wenye nyasi kina cha sentimita 8 hivi, na umweke hapo. Usiwashe taa kubwa, mwanga hafifu wa simu unatosha. Usimwongeleshe wala kumchezesha. Mpe dakika 5. Akimaliza, msifu kwa neno moja la upole na umrudishe kulala. Asipokojoa, mrudishe vilevile.

Mkipata usiku 3 mfululizo bila kilio na bila ajali, sogeza kengele mbele kwa dakika 15, wala si zaidi. Kutoka saa 10:00 hadi saa 12:00 ni hatua 8, kila hatua usiku 3, yaani usiku 24 kama hakuna kilichoharibika. Atakuwa amekaribia wiki 15, na kibofu chake kitakuwa kimekua sambamba na ratiba. Akilia kabla ya kengele, rudi nyuma dakika 15 na ukae hapo usiku 3 tena. Wengi hukosea kwa kuruka saa nzima baada ya usiku mmoja mzuri.

Kuna usiku utasikia kilio kisicho cha mkojo, na ni muhimu ukitambue. Mbwa aliyebanwa huzunguka, hunusa huku na kule, kucha zinakwaruza katoni, na kilio huanza chini kikipanda. Anayetaka mtu hulia, kisha hunyamaza ghafla masikio yakiwa yamesimama, akisikiliza kama kuna nyayo zinakuja. Asiposikia kitu, huanza tena. Kama alikojoa chini ya saa mbili zilizopita na kilio ni cha namna hii ya pili, usiende. Ngoja anyamaze angalau sekunde 5 ndipo umsogelee. Tarajia kilio kizidi kwa siku chache kabla ya kupungua, kwa sababu atajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kikimfaa. Ukiinuka usiku wa tatu kwa kuchoka, utakuwa umemfundisha kwamba akilia sana zaidi atafaulu. Waarifu majirani na keateka mapema kuwa mko kwenye mafunzo. Watu huvumilia kelele wakijua ina mwisho.

Chakula chake pia kinahitaji marekebisho. Hadi afike miezi 3 mpe milo 4 kwa siku, kisha milo 3 hadi miezi 6. Mlo wa mwisho uwe saa 1 jioni. Ukimpa saa 3 usiku, haja kubwa itamjia alfajiri. Wala usiuvute hadi saa 11 jioni, kwani njaa nayo itamwamsha, na huenda ukakuta ametapika povu la manjano. Ugali mwingi hutoa kinyesi kingi na hauna protini ya kumtosha. Changanya na omena waliooshwa na kuchemshwa bila chumvi, au yai lililoiva. Ule mchuzi wa mezani mwachie binadamu: kitunguu ni sumu kwa mbwa, na chumvi humfanya anywe maji kupita kiasi usiku. Maji yawepo kutwa nzima, uyaondoe saa 2:30 usiku, na umtoe akojoe mara ya mwisho mnapokwenda kulala.

Mtoe jikoni. Kilebu aliyetenganishwa na mama na ndugu zake majuzi huogopa kuwa peke yake, na kwenye nyumba yenye watoto wa shule, jikoni ndipo taa huwaka kwanza, sufuria ya chai ikagongwa. Mlaze kando ya kitanda chako. Ile katoni kubwa ikate au uigawe kwa kipande cha mbao: aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Ikizidi hapo, atafanya kona moja kuwa choo. Chini weka sponji ya sentimita 5, hasa Juni hadi Agosti ambapo vigae vya Nairobi huwa baridi, na baridi huchochea mkojo. Funika juu na pande tatu kwa leso nzito, upande wa nne ubaki wazi apate hewa.

Akiamka saa 12, kifungua kinywa kingoje nusu saa. Asione uhusiano wowote kati ya kufumbua macho na bakuli.

SWALI: Mbwa wetu ana miezi 7, analala nje kwenye kibanda chake. Kuanzia saa 11:30 alfajiri anabweka bila kukoma. Tumejaribu kumkemea kupitia dirishani.
– Baba wa Ruai

JIBU: Baba, katika umri huo mbwa mwenye afya huweza kulala usiku kucha bila haja, kwa hiyo tafuta kinachotokea saa hiyo. Mara nyingi ni askari wa usiku anayejiandaa kuondoka, lango linalofunguliwa, au ndege aina ya hadada wanaoanza kupiga kelele mitini. Kwa mbwa, kukemewa kupitia dirishani ni kuitikiwa. Geuza mlango wa kibanda utazame mbali na lango, utundike gunia mlangoni lizuie mwanga, na umwombe askari asimsalimie wala kumpa mabaki ya chakula. Mlishe saa 1 asubuhi kila siku, hata Jumapili. Nairobi jua huchomoza kati ya saa 12:05 na 12:45 mwaka mzima, kwa hiyo ratiba moja inafaa misimu yote. Jioni mtembeze dakika 40 na umwache anuse atakavyo. Kunusa kunamchosha kwa njia nzuri.

SWALI: Je, naweza kumpa kilebu Piriton, ile dawa ya mzio inayoleta usingizi, alale hadi asubuhi?
– Msomaji, Kawangware

JIBU: Hapana. Kipimo cha mtu kinaweza kumdhuru mbwa mdogo, na dawa huficha sababu. Paracetamol na ibuprofen ni hatari zaidi, usizikaribie kabisa. Kilebu anayeamka kila mara usiku akikojoa matone, au akiharisha, anahitaji daktari wa mifugo. Mwenye tumbo lililovimba na mbavu zinazoonekana huenda ana minyoo: dawa hutolewa kila wiki 2 hadi afikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mpime kwanza. Akiharisha damu na kukataa chakula, mpeleke siku hiyohiyo, pamoja na kinyesi kidogo ndani ya chupa safi yenye kifuniko.